Wimbo wa Vidole Vitatu

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maana yake si ngumu: aliyekufaa jana usimvunjie heshima leo, kwa kuwa hujui kesho utabisha mlango wa nani. Kila mtoto wa shule anaijua methali hii, na kila mtoto wa shule huisahau mara tu anapoota mabawa. Kang'ethe aliisahau akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba, mbele ya kipaza sauti cha redio, nchi nzima ikisikiliza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini hakukuwa na bendi ya roki iliyotamba kama Radi ya Chania. Ilizaliwa Majengo, Thika, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Idarous, ambaye majirani walimwita Baba Sumeya. Idarous alikuwa mpiga gitaa. Ujanani mashine ya kiwandani ilimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, na watu wakamshauri aliuze gitaa lake. Hakuliuza. Alijifunza upya kwa vidole vitatu vilivyobaki, pole pole, mpaka likalia namna ambayo mwenye vidole vitano hakuweza kuiiga. Beth alipiga gitaa la besi, Kaleli akapiga ngoma. Kang'ethe walimtoa katika kwaya ya kanisa, mwembamba kama ufito, na Idarous akamfundisha kuvuta pumzi, kusimama jukwaani na kupandisha sauti bila kuichana. Miaka minne alikula chakula cha Mwanaharusi, mke wa Idarous, kama mtoto wa nyumba ile.

Kisha jina likakua. Kila Jumamosi vijana wa Juja na Ruiru walifurika ukumbini Thika, wengine wakasikilizia barabarani. Wasichana walilia Kang'ethe alipoimba, na mgema, mwajua wenyewe, akisifiwa tembo hulitia maji. Akaanza kuchelewa mazoezini, kuwakosoa wenzake mbele ya watu na kusema "bendi yangu". Mwaka wa 1993 akajitoa. Kujitoa si kosa. Hata kifaranga hufika siku akamwacha mamaye. Kosa ni lile jibu alilolitoa redioni alipoulizwa sababu.

"Nilichoka kubeba magunia," alisema akicheka. "Sasa nimeyatua."

Mtangazaji naye alicheka, na Kang'ethe akaona amepata neno. Akaingia studio na wanamuziki wa kukodi, akatoa wimbo wake wa kwanza wa peke yake, "Vidole Vitatu":

Vidole vitatu havinishiki tena,
niachieni njia, nipae.

Wimbo ulikuwa mtamu, hilo tusimnyime. Ulipigwa kwa vinyozi, ukapigwa harusini, na hakuna mtu wa Thika aliyehitaji kuuliza vidole hivyo ni vya nani. Watoto wa Majengo walimwimbia Sumeya, binti wa Idarous, kila alipotumwa dukani, wakikunja vidole viwili na kumnyooshea vitatu. Habari hizo zilimfikia Kang'ethe. Alisema ni mzaha tu, kisha akahamia Ruiru.

Akapaa kweli, kwa muda. Kanda ya pili ilidoda madukani, ya tatu ikapigwa redioni juma moja ikanyamaza. Popote alipoimba watu walingoja "Vidole Vitatu", na wakishaupata walienda zao kununua soda. Wanamuziki wa kukodi walikuja na kuondoka, kila mmoja akipiga apendavyo, naye akaimba katikati yao kama mtu anayezungumza sokoni.

Mwaka wa 1996 bahati ikamkumbuka. Ndegwa, mwandalizi wa maonyesho, alimwalika aimbe siku ya pili ya Krismasi, alasiri, katika uwanja wa Ruiru. Bwana mmoja wa kampuni ya kanda angetoka Nairobi kuja kumsikiliza. Akiridhika, Kang'ethe angepata mkataba. Asiporidhika, ndio mwisho wa Kang'ethe mwimbaji. Zilikuwa zimebaki siku chache tu wanamuziki wake walipopata kazi hotelini Mombasa, wakaenda bila kuaga.

"Si unitafutie wengine," alimwambia Ndegwa.

"Nani atashika nyimbo zako zote na hizi siku chache zimebaki?" Ndegwa alimjibu. "Watu wenye wanajua sauti yako wako Thika. Enda uongee nao, bwana. Mimi siwezi weka mtu jukwaani na mdomo peke yake."

Akaenda. Mlango ule wa Idarous aliokuwa akiuingia bila hodi, siku hiyo alisimama mbele yake mpaka jirani mmoja akamuuliza kama amepotea. Mwanaharusi ndiye aliyemfungulia.

"Karibu, Kang'ethe. Umepotea sana," alisema, na sauti yake haikuwa na kinyongo chochote. Heri angemfukuza. Sumeya, sasa msichana mkubwa, aliweka chai mbele ya mgeni na kutoka bila kuinua macho. Kang'ethe aliona aibu ikimpanda toka shingoni hadi masikioni.

"Baba Sumeya, niko na shida," akaanza. Akaeleza habari za Ruiru, za mkataba, za wanamuziki waliomtoroka. Habari za redio na za wimbo hakuzigusa. Msamaha aliamua kuuomba baada ya onyesho, mambo yakiwa yamemnyookea. Alisema tu, akiangalia zulia, "Na ule wimbo... ule tuuache."

"Wewe ndiye unaimba, wewe ndiye unachagua," Idarous akasema. "Nitaongea na Beth na Kaleli. Tutakuja."

Siku ikafika, na uwanja ukajaa. Kaleli alimsalimu "niaje, staa," akakaa kwenye ngoma zake. Beth alitikisa kichwa tu. Lakini walipoanza kupiga, Kang'ethe alihisi sauti yake imepata mahali pa kukanyaga. Alipotaka kupanda, gitaa lilimpisha, alipochoka, lilimfunika. Hakuwa ameimba vile tangu alipowaacha. Bwana wa kampuni, aliyesimama kando ya jukwaa, alianza kutikisa mguu.

Ndipo watu wakaudai. "Vidole! Vidole!" walipiga kelele, mikono juu, kila mkono vidole vitatu. Kang'ethe akajifanya hasikii, akaanza wimbo mwingine, wakampigia mbinja. Hata yule bwana wa Nairobi alimwinulia vidole vitatu akitabasamu. Ghafla, nyuma yake, gitaa likauanza wimbo wenyewe. Aligeuka. Idarous alikuwa akiupiga macho yakiwa kwenye nyuzi, Beth akaingia, Kaleli akafuata. Waliujua mwanzo hadi mwisho, na waliupiga vizuri kuliko ulivyokuwa kwenye kanda.

"Baba Sumeya, wacha," alimwambia mbali na kipaza sauti.

"Imba," Idarous alisema. "Watu wamelipa."

Kang'ethe akakirudia kipaza sauti, akajaribu kubadilisha maneno: vidole vitatu ndivyo vilivyonilea. Hakuna aliyemsikia. Uwanja mzima uliimba maneno ya zamani, wanaume, wanawake na watoto waliobebwa mabegani, wakimwimbia Idarous, mwenye vidole hivyo, usoni pake kwa furaha tele. Na aliyewafundisha maneno hayo ni Kang'ethe mwenyewe. Alifunga mdomo, akasimama akitamani ardhi ipasuke immeze, na Idarous akaupiga wimbo mpaka ukaisha.

Nyuma ya jukwaa bwana wa kampuni aliwafuata akitokwa jasho. "Huo ndio tunataka. Turekodi upya, na huyu mzee kwa gitaa. Mkataba uko tayari."

Kang'ethe hakumtazama. "Baba Sumeya, nisamehe," alisema, machozi yakimlenga. "Nilikukosea. Wewe, na Mama Sumeya, na mtoto."

"Nilikusamehe zamani," Idarous alijibu, akifuta nyuzi za gitaa lake. "Kama singekusamehe ningekuja?"

"Basi twende Nairobi pamoja. Nitaandika maneno mengine."

"Maneno hapana," yule bwana akadakia. "Maneno ni yale yale. Hayo ndiyo yanauza."

Idarous aliingiza gitaa mkobani. "Leo nimeupiga kwa sababu ulikuja kwangu na shida," alimwambia Kang'ethe. "Lakini mimi niko na mtoto nyumbani. Hiyo ya kila siku siwezi."

Akamshika bega, akaondoka na Beth na Kaleli. Bwana wa kampuni aliwatazama wakienda, kisha akamgeukia mwimbaji.

"Bila hao, wacha tuone mwaka ujao," akasema, na hakuuliza hata anapopatikana.

Kang'ethe alitoka peke yake. Watu walikuwa wakirudi makwao wakiuimba ule wimbo, na waliomtambua walimpungia vidole vitatu kwa mapenzi. Akainua mkono wake kuwapungia, akaona haya, akauficha mfukoni. Mwenye hakika kwamba hatazaa tena na atukane apendavyo. Sisi wengine, ambao hatuijui kesho, tuwasikilize wazee: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.