Toroli Lililotiwa Mikono

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anapiga miayo? Hadithi haijaanza, tayari watu wanapiga miayo. Naita tena, na safari hii niitikieni kama watu waliokula. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, zamani sana, wanyama wa Bonde la Kichangani walikuwa na ghala moja la mtama. Ghala la wote. Na nani aliamua lijengwe bondeni, karibu kabisa na mto? Ngiri. Ngiri ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kwa nini bondeni? Kwa sababu Ngiri anapenda matope. Basi! Hakuna sababu nyingine. Chakula cha nchi nzima kiliwekwa pale ambapo mwenyekiti anapenda kugaagaa. Mimi nikifika hapa hasira hunipanda kila mara, lakini tuendelee.

Masika yakakaribia. Mawingu yakajaa upande wa milimani. Wanyama wakasema, mto utafurika, mtama uhamishiwe juu kilimani. Auhamishe nani? Twiga akatazama mbinguni. Nungunungu akatazama miba yake. Kobe akaingiza kichwa ndani. Aliyebaki na kichwa nje ni Bi Punda, na kazi ikawa yake.

Bi Punda alikuwa na mimba. Sikilizeni vizuri hapa. Ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza iliharibika njiani, chini ya gunia, akibeba mtama huohuo wa wote. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, ukibeba tena mgongoni, na huyu utampoteza." Bi Punda akaenda kwa Kima, fundi seremala, akamlilia. Kima akamtengenezea toroli.

Toroli la mbao. Chini magurudumu mawili. Mbele ulimi wa ubao, wa kupenyeza chini ya gunia. Juu mikono miwili ya kushikia. Unapenyeza ulimi, unaliegemeza kwako, unasukuma. Na wewe uliyeinua kidole kutaka kuuliza punda anasukumaje toroli, kishushe. Alisukuma. Enzi hizo punda walisimama kwa miguu miwili wakitaka.

Penye udongo mgumu toroli lilikwenda, kwichi-kwichi-kwichi, na Bi Punda akiimba:

Mtama wenu, pumzi yangu,
Matumbo yenu, tumbo langu,
Sogea, toroli, sogea!

Lakini kati ya ghala na kilima kulikuwa na mchanga. Na magurudumu yale yalikuwa membamba. Yakifika mchangani, didi! Yanazama. Bi Punda anavuta, didi! Anasukuma, didi! Mwisho anateremsha gunia, analitia mgongoni, anavuka nalo mchanga kwa mgongo uleule aliokatazwa. Na tumbo linamvuta chini. Na anaogopa. Kila akivuka anaogopa.

Akaenda kwa Ngiri.

"Mwenyekiti, toroli ni zuri, ila magurudumu ni membamba. Yapanuliwe."

"Umesema vyema, Bi Punda," akasema Ngiri. "Tutaliboresha."

"Magurudumu, mwenyekiti."

"Tutaliboresha toroli zima."

"Sitaki zima. Nataka magurudumu."

"Kutakuwa na kikao."

Kikao kikaitwa. Sitawasimulia kikao. Vikao mnavijua. Ngiri akazungumza, Twiga akamuunga mkono Ngiri, Nungunungu akamuunga mkono Twiga, Kobe akafika wenzake wanafunga. Gurudumu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Bi Punda alisimama pale, miguu imemvimba, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Jamani!" akasema. "Maneno yametosha. Mtama ni wa wote, toroli ni la wote. Naomba kila mmoja wenu atie mkono!"

Wakapiga makofi. Twiga alitokwa na chozi.

"Kila mmoja atatia mkono!" akasema Ngiri. "Nenda kapumzike, mama. Kesho utakuta tumeshatia."

Bi Punda akaenda kupumzika, amefurahi. Maskini ya Mungu, alifurahi kweli. Alilala akimpapasa mtoto tumboni, akimwambia kwamba kesho watasaidiwa.

Huku nyuma, ngo! ngo! ngo! Nyundo ya Kima inalia. Ngo! ngo! ngo! Nani anagongomea nini? Ngojeni muone.

Asubuhi Bi Punda akaja. Akasimama. Akafumba macho, akayafumbua. Toroli lilikuwa limeota mikono! Mkono wa Twiga umepanda juu mpaka kwenye matawi. Mkono wa Kobe uko chini kabisa, unakwaruza ardhi. Mkono wa Nungunungu umezungushiwa miba, mwingine asiushike. Ngiri ana miwili, imepinda kama meno yake, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti. Na Kima naye kajigongomelea wake ubavuni, wa kuning'inia.

"Nini hiki?" akauliza Bi Punda.

"Tumetia mikono," akasema Ngiri.

"Nilisema mtie mkono!"

"Ndiyo hiyo. Kila mmoja na wake."

"Kutia mkono! Kusaidia! Kusukuma!"

Wakatazamana.

"Sasa si ungesema kusukuma?" akasema Twiga.

"Na magurudumu?"

"Hayo tutayajadili kikao kijacho," akasema Ngiri.

Bi Punda akamgeukia Kima. "Na wewe, fundi! Wewe uliyelitengeneza kwa mikono yako!"

"Mimi nikiambiwa gongomea, nagongomea," akasema Kima.

Mnacheka? Chekeni. Bi Punda hakucheka. Alikuwa amechoka kuchoka kule ambako hata hasira haina pa kukaa.

"Haya," akasema. "Shikeni basi mikono yenu, tuone."

Bi Punda akapakia gunia. Wakasukuma mpaka kwenye mchanga, wanajigongagonga. Hapo Twiga akavuta juu. Kobe akavuta chini. Nungunungu akavuta kulia. Ngiri, mwenye miwili, akavuta kulia kwa mmoja na kushoto kwa mwingine. Kima akaning'inia. Toroli likazunguka palepale, zungu, zungu, zungu, kisha didi! Likazama kuliko siku zote, maana sasa lilikuwa na uzito wa mbao zao zote.

"Mkono wa Twiga ndio unaoharibu," akasema Nungunungu.

"Wangu? Wangu ndio uliokwenda juu peke yake!"

"Wa Kobe ukatwe."

"Mbona ya mwenyekiti haisemwi?"

Wakagombana. Wakagombana mpaka wasisikie. Na kilichokuwa cha kusikia kilikuwa kikubwa. Vuuuuu! Maji ya milimani yameshuka. Mto umeruka kingo, unapita ghalani, unakuja mchangani.

Na hapohapo Bi Punda akashika tumbo, akapiga magoti.

"Uchungu," akasema. "Umeanza."

"Huwezi kusubiri kidogo?" akauliza Ngiri.

Jamani! Jamani, jamani! Mama ana uchungu, maji yanakuja, mwenyekiti anamuuliza kama anaweza kusubiri!

"Teremsheni gunia," akasema Bi Punda. "Siwezi kutembea. Nipakieni mimi."

Wakateremsha gunia. Na hata kupakia hawakujua, maana hawajawahi kupakia. Bi Punda akawa anaumwa na kuwafundisha.

"Pitisha ulimi chini yangu! Si huko, huku! Egemezeni kwanza! Egemezeni, ndipo msukume! Aaah!"

Wakamwegemeza. Kisha wakafanya nini? Kila mmoja akakimbilia mkono wake. Zungu, zungu, zungu. Mama juu ya toroli anazungushwa kama jiwe la kusagia, na maji yameshafika kidevuni mwa Kobe.

"Ing'oeni mikono yenu!" akapiga kelele Bi Punda. "Ing'oeni, mpate kusukuma pamoja!"

"Aanze Twiga," akasema Ngiri.

"Aanze mwenyekiti," akasema Twiga.

"Wangu ni mpya kabisa," akasema Nungunungu.

Hapo Bi Punda akaacha kupiga kelele. Akasema polepole, "Huyu ni wa pili. Msiniulie na huyu."

Maji yakazidi kupanda.

Yule wa kwanza wote walimjua. Nchi nzima ilijua alipotea wapi na alipotea chini ya gunia la nani. Hakuna aliyewahi kusema neno. Walikula mtama wakanyamaza.

Ngiri akainamisha kichwa. Akautia meno mkono wake wa kulia, kacha! Akautia meno wa kushoto, kacha! Kobe akautafuna wake chini ya maji. Twiga akauvunja wake kwa shingo, kacha! Nungunungu akang'oa wake, miba ikamchoma mwenyewe, asilie. Kima akarudisha ufundi wake kichwani: akaung'oa wake, akazichukua zile mbao zote, akazilaza mchangani mbele ya magurudumu.

"Sukumeni!"

Likapanda juu ya mbao. Halikuzama. Kima anaokota ubao wa nyuma, anaulaza mbele. Ngiri na Twiga wameshika ile mikono miwili ya zamani. Nungunungu anasukuma kwa paji la uso, asimchome mama. Kwenye mlima Kobe akajiweka nyuma ya gurudumu kila walipopumzika, toroli lisirudi. Liligonga gamba lake, puu! puu! Akavumilia. Bi Punda hakuwa na pumzi ya kuimba, wakamwimbia wao, kwa sauti mbaya:

Mtama wetu, pumzi yako,
Matumbo yetu, tumbo lako,
Sogea, toroli, sogea!

Wakafika juu. Na juu, kwenye nyasi zilizolowa, mtoto akazaliwa. Akaanguka, akasimama, akaanguka, akasimama. Masikio yake marefu yakamfunika macho. Mama yake akamlamba, akamlamba, hakuacha kumlamba.

Mtama uliobaki ghalani ulikwenda na maji, na ule uliokwisha fika kilimani haukutosha. Mwaka ule walikula mizizi, na Ngiri ndiye aliyeichimba, bila kikao.

Lakini siku ileile mtoto alipozaliwa, mvua ilipopungua, Ngiri alimwendea Bi Punda polepole.

"Bi Punda," akasema, "yale magurudumu uliyataka mapana kiasi gani?"

Bi Punda alikuwa amelala, mtoto amejibanza kifuani mwake.

"Mimi nadhani..." akaanza Twiga.

"Nyamaza," akasema Ngiri. "Atatuambia mwenyewe."

Wakakaa chini, wamelowa, wana njaa, wakamngoja aamke.

Basi sikieni, wakubwa na wadogo. Ukiombwa kutia mkono, usikimbilie kuweka alama yako. Muulize anayebeba mzigo anaumia wapi, kisha umsaidie hapo, si pale unapopapenda wewe.

Hadithi yangu naitua hapa. Nimechoka.