Jioni Doria Alipoachiwa Kutoka Nje

Wapendwa, kaeni vizuri. Wenye baridi sogeleaneni, leo hakuna atakayewasema. Kabla hatujaomba, nataka niwasimulie habari za mbwa. Ndiyo, mbwa! Mama Tupokigwe ameshaanza kucheka. Cheka tu, mama, ila usinitoke.

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa kondoo, huko juu kabisa milimani, mahali ambapo ukungu haungojei msimu, unakuja kila jioni. Unashuka taratibu. Unameza miti, unameza nyumba ya jirani, unameza na njia yenyewe, mpaka mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Mahali kama hapo macho hayarudishi kondoo nyumbani. Anayewarudisha ni mbwa. Na mbwa wa mfugaji huyu aliitwa Doria. Jioni, ndani ya weupe ule, mfugaji alikuwa anafuata tu mlio wa kengele iliyokuwa shingoni mwa Doria, kama mtu anayetembea usingizini, kondoo wakipumua mbele yake bila kuonekana, hadi kiganja chake kiguse mti wa mlango wa zizi. Hapo anajua yuko nyumbani.

Sasa sikilizeni desturi ya wafugaji wa kule. Kondoo wa mwisho akishaingia na komeo likishawekwa, mwenye mifugo anainama, anaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa, anamwambia: "Tumefika. Wote wapo." Basi. Asipoambiwa hivyo, mbwa haketi na wala hagusi chakula, hata umtupie mfupa wenye nyama. Akishaambiwa, anajinyoosha, anakula, analala. Ndivyo walivyofundishwa tangu wadogo. Na Doria aliambiwa maneno hayo kila jioni, mwaka hata mwaka.

Lakini nani hazeeki? Doria akazeeka. Macho yakaingia weupe, kana kwamba ukungu wa nje umehamia ndani. Miguu ya nyuma ikaanza kumsaliti, akitaka kusimama anajikuta ameketi. Masikio nayo, ukimwita unaita mara ya pili. Mfugaji akapata mbwa mwingine, kijana, wa kwenda naye malishoni.

Je, alimtupa Doria? Aah, jamani, hapana! Huyu alikuwa mtu mwenye moyo. Alimpenda mbwa yule hadi majirani wakamwona ana kichaa. Asubuhi anambeba mikononi, anampeleka kwenye jua la ukutani. Ugali anauloweka kwenye mchuzi mpaka ulainike. Miguu anamkanda kwa mafuta ya uvuguvugu. Halafu akafikiri, akaona: jioni kondoo wakirudi wanasukumana mlangoni, na mzee huyu haoni, watamkanyaga. Akamwambia mkewe, "Kabla hatujafika, mfungie jikoni karibu na moto. Asitoke mpaka tumalize."

Si ni upendo huo? Mzee Tweve, naona unatikisa kichwa kukubali. Hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Lakini ndipo mambo yalipoharibika. Kila jioni, kondoo wakikaribia, Doria alikuwa anainuka pale motoni na kukwaruza mlango. Analia kidogo, anazunguka, anagonga meza, anagonga ndoo, anazunguka tena. Chakula hakigusi. Usingizi hana. Kwa siku nyingi ikawa hivyo, akakonda mpaka mbavu zikahesabika.

Na niseme pia, ndani ya nyumba ile alikuwepo mama mzazi wa mfugaji. Naye umri ulikuwa umemwendea. Alilishwa vizuri, alifunikwa vizuri, hakukosa kitu. Ila kila jioni alikuwa anainuka kwenye kigoda chake, anashika ukuta, anauliza, "Watoto wamekula? Mlango umefungwa?" Nao wanamjibu kwa upole kabisa, "Mama, kaa upumzike. Hayo tuachie sisi." Anaketi. Baada ya muda kidogo ameshainuka tena. Lakini huyo tumwache kwanza, turudi kwa mbwa wetu.

Mfugaji akamwita bwana mifugo. Bwana mifugo akampapasa Doria, akamfungua mdomo, akasikiliza kifua.

"Moyo wake mzima," akasema. "Tumbo zima. Huyu hana ugonjwa wa kumpa dawa, ni uzee umemchanganya. Mimi nawaonea huruma wewe na yeye. Ukikubali, kesho nikirudi nitamchoma sindano, alale asiamke. Hatasikia maumivu."

Mfugaji akamtazama mbwa wake, amesimama uso ukutani, akitafuta mlango. Machozi yakamtoka, mwanamume mzima. "Haya," akasema. "Njoo kesho."

Jioni ile mkewe hakuweza kumfungia. Alishika mlango wa jikoni, akauachia. Akajisemea, "Kama kesho ndiyo mwisho wake, basi leo aone nje."

Kumbe Doria hakuhitaji kuona. Alitoka taratibu, akiburuta miguu, akapita uani ndani ya ukungu, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa zizi. Akasimama pale pale alipokuwa anasimama miaka yote, bega likigusa mti. Weupe ulikuwa umefunika kila kitu, dunia yote imenyamaza kama imeshikwa na ndoto. Kisha kengele ya yule mbwa kijana ikasikika kwa mbali. Kondoo wakaja. Na unajua, hawakumkanyaga! Walipita mmoja mmoja wakimpapasa kwa manyoya yao yenye umande, naye akimnusa kila anayepita, huyu, na huyu, na yule. Akapita wa mwisho. Komeo likalia.

Mfugaji akainama ili amwambie mbwa kijana maneno ya jioni. Katika ukungu ule mkono wake ukapapasa, ukatua juu ya kichwa. Lakini masikio aliyoyashika hayakuwa ya kijana. Aliyajua masikio yale. Na kichwa kile kilikuwa kimeinuliwa juu, kinatetemeka, kinamngoja.

Loo! Ndipo akaelewa. Mbwa huyu hakuchanganyikiwa. Jioni zote zile alisikia kondoo wanarudi, hakuambiwa kama wamefika. Alikuwa bado yuko kazini! Bwana wake alimpa moto, mchuzi na mafuta ya miguu. Neno lake hakumpa.

Akapiga magoti kwenye matope. Akasogeza mdomo karibu na sikio lile zito. "Doria," akasema. "Tumefika. Wote wapo."

Doria akashusha pumzi ndefu. Akajikunja hapo hapo, juu ya miguu ya bwana wake, akalala.

Mnaniangalia hivyo kwa nini? Mnadhani alikufa? Hakufa! Alilala tu, na asubuhi akamaliza bakuli zima la mchuzi, na bwana mifugo akarudi na sindano yake kama alivyokuja. Siku zake za mwisho zilikuja baadaye, kwa wakati wake, naye alikwenda usingizini kila jioni akiwa ameambiwa.

Lakini sikumleta mbwa hapa madhabahuni kwa ajili ya mbwa. Jioni ile ile mfugaji aliingia ndani, matope magotini, machozi hayajakauka. Na mama yake, kama kawaida, akainuka kwenye kigoda, akashika ukuta. "Mwanangu, watoto wamekula? Mlango umefungwa?"

Mfugaji alifungua mdomo amjibu kama siku zote. Mama, kaa upumzike. Neno hilo akaliacha.

Akaenda akaishika mikono yake miwili. "Wamekula, mama. Mlango nimeufunga. Ulitulea, ukatufikisha. Tumefika, mama. Wote tupo."

Bibi yule akamtazama. "Ahaa," akasema. "Kumbe." Akaketi. Hakuinuka tena usiku ule.

Sasa sisi. Sisi tuliokaa hapa na sweta zetu! Nani kati yetu hana mzee nyumbani anayeuliza jambo lile lile kila jioni? Tunamnunulia blanketi. Tunamnunulia dawa. Anashika jembe, tunamnyang'anya. Anauliza, tunamwambia hayakuhusu. Halafu tunakaa pembeni tunanong'ona, mzee amechanganyikiwa. Amechanganyikiwa nini? Bado yuko kazini yule! Amelinda zizi maisha yake yote, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeinama akamwambia kwamba kazi imekwisha.

Iko siku, ndugu zangu, Mwenye kundi atatuwekea na sisi mkono kichwani katika ukungu wetu wa mwisho, atuambie tumefika. Sote tunalitamani neno hilo. Basi kwa nini tunawanyima wazee wetu?

Leo sitarefusha maombi. Ukungu unashuka, nendeni nyumbani mapema. Kuna mtu amesimama mlangoni kwenu, anawahesabu.