Masanduku ya Wajerumani

Mikaratusi ya tajiri Shekiondo ilikausha chemchemi ya kijiji. Bi Kupaza akamwomba aing'oe, mikuyu ya asili irudi na maji yake.

“Ing'oe wewe, kwa meno,” alijibu Shekiondo, muungwana kupita kiasi.

“Basi iache, baba. Isije ikafukuliwa bure mizigo ya Wajerumani.”

“Mizigo gani?”

“Nimesema mizigo? Uzee huu!”

Wiki haikuisha. Tajiri aling'oa miti yote na visiki vyake, akachimba mashimo kila mahali akisaka masanduku ya dhahabu yanayosemekana kufukiwa na Wajerumani wakikimbia vita, asipate hata msumari. Akamvamia Bi Kupaza akihema.

“Masanduku yako wapi, we mama?”

Bi Kupaza alikuwa amejitwika miche ya mikuyu.

“Sijui, baba. Mimi shida yangu ilikuwa mashimo.”