Msokoto Uliopunguzwa

Mtu mmoja alikuwa na karakana ya kusokota uzi wa kamba za kupandia mahali pa juu, na mdogo wake alikuwa fundi wa minara ya simu. Mwenye karakana aliitwa Mhina. Alinunua nyuzinyuzi fupi za manjano zilizotengenezwa ng'ambo, laini kama nywele za mtoto, lakini ukijaribu kuukata unyuzi mmoja kwa mikono, kidole ndicho kitakachochanika. Mhina alijivunia nyuzi zile kupita kiasi. Kila mgeni alipewa mmoja aukate, na kila aliyeshindwa alichekwa.

Kwa kuwa zilikuwa fupi, msokoto ndio uliozishikanisha zikawa uzi. Na kusokota kunataka muda. Wateja walipozidi, Mhina alimwamuru Bi Eshe, msimamizi wa mashine, apunguze msokoto ili uzi utoke haraka. Bi Eshe alisita, kisha akatii. Mhina alijiambia kwamba kitu chenye nguvu kiasi kile hakihitaji kubanwa sana. Uzi ukatoka kwa wingi, unang'aa, na roho yake ikatulia.

Semkiwa, yule mdogo wake, alipohitaji kamba mpya, Mhina alimpa iliyosukwa kwa uzi ule. Tusimsingizie, alimpenda ndugu yake kwa moyo wote. Lakini kamba yenyewe hakuipima. Alikuwa amezipima nyuzi, basi.

Siku ya tatu kamba ilikatika, Semkiwa akaanguka kutoka mnarani mchana kweupe, mkewe akiwa amesimama chini na chakula chake mkononi.

Baada ya maziko Mhina aliitaka kamba ile. Alitafuta mahali ilipokatwa, apate cha kulaumu: chuma chenye kutu, panya, kisu cha mtu mbaya. Aliipapasa yote, asione kitu. Bi Eshe akaipokea, akaichambua ncha yake polepole, akasema:

"Bosi, hapa hakuna hata unyuzi mmoja uliokatika. Zimeachiana tu."

Mhina akakaa chini sakafuni. Hakulia kwa sauti. Aliona uchungu ambao hata pole za watu hazikuufikia, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumlaumu.

Nanyi ndugu wa nyumba moja, ambao kila mmoja wenu ni imara kwa nafsi yake, ni nini kinachowashikanisha?