Kikohozi Nyuma ya Ua wa Hoza

"Taa ya ua humulika aliyeiwasha." Bibi yenu aliwatupia maneno hayo asubuhi, mlipokuwa mnabishana juu ya taa za kufunga kwenye ua wetu wa nyuma, nanyi mkacheka mkadhani ni ubahili wake wa umeme. Sasa mmekuja kuniuliza yalikotoka. Kaeni basi, na hizo picha za taa kwenye simu ziwekeni kando kidogo. Mimi nilikuwepo siku methali hii ilipozaliwa, na ngazi iliyoegemezwa ukutani siku hiyo ilikuwa yangu.

Ilianzia Kwemhanya, kule milimani Usambara, mwaka umeme ulipofikishwa kwenye kilele kile kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtu wa bondeni, kama mjuavyo, lakini kazi ya nyaya ilinipandisha huko nikakaa miezi minane. Nilipanga chumba, nikajifunza kuvaa sweta mbili, na nikajifunza kuuheshimu ukungu. Ukungu wa Kwemhanya hushuka kila jioni jua likizama. Huingia uani bila hodi, ukala miti, ukala njia, mwisho ukakuachia mlango wako tu.

Siku moja aliniita mzee mmoja aitwaye Hoza Shekiondo. Alikuwa amestaafu kazi ya bandarini Dar es Salaam baada ya miaka thelathini na zaidi, akarudi kwenye kiwanja cha wazazi wake na kujenga nyumba nzuri ya matofali. Nyuma ya nyumba alizungusha ua wa mabanzi ya mkaratusi, mrefu kumpita mtu, na kati ya banzi na banzi palikuwa na upenyo wa vidole viwili. Mkewe, Bi Mwantumu, alikuwa mtu wa Pangani, mcheshi, mwenye kupenda watu. Lakini nilipofika nilimkuta amekaa jikoni, mlango ameufunga kwa komeo mchana kweupe.

"Nataka taa kwenye ua wa nyuma, Fundi," Hoza akaniambia.

Nikamuuliza taa ya kazi gani, maana taa huchaguliwa kwa kazi yake. Ya kukuonyesha pa kukanyaga ni moja, ya kukaa na wageni ni nyingine. Mkewe ndiye aliyejibu kutoka jikoni.

"Ya kumwona anayekohoa."

Akanieleza. Kila jioni, ukungu ukishashuka, kitu kilikohoa nyuma ya ua. Mara moja tu. Kikohozi kikavu, cha kifua kilichochoka, halafu kimya. Walikuwa wamekisikia tangu wiki waliyohamia. Hoza alishatoka na tochi mara nyingi, hakuona nyayo wala jani lililokanyagwa.

"Kwetu Pangani, kinachokohoa mara moja si mtu," alisema Bi Mwantumu. "Mtu hukohoa mara mbili. Ya kwanza humtoka, ya pili huitoa mwenyewe. Nimemwambia mume wangu, nampa mpaka Ijumaa. Asipokipata anikatie tiketi, mimi narudi kwetu."

Hakuwa anatania. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa kamba, liko pembeni ya mlango. Hoza aliliangalia sanduku lile jinsi mtu anavyoangalia nyufa ukutani, nikamhurumia. Hakuwa na mtu mwingine duniani anayekula naye.

Nikamshauri nilivyojua. Nikamwambia achukue balbu ndogo ya njano, nimfungie juu ya mlango wa jikoni na kofia ya bati, mwanga ushuke chini. Mwanga wa namna hiyo haukuumizi macho, na jicho lisiloumia huona mbali hata gizani. Akakubali shingo upande. Jioni ile wakasikia kikohozi kama kawaida. Asubuhi Hoza akanifuata kwangu kabla sijanywa chai.

"Haitoshi. Lete ya mrija."

Nikafunga taa ya mrija, ile ndefu nyeupe. Ikaangaza uani kote, mpaka kuku wakakataa kulala. Kikohozi kikaja, tena safari hii, alisema Hoza, kilikuwa karibu zaidi. Akanifuata tena. Macho yalikuwa mekundu.

"Nataka zile kubwa za kwenye maghala. Mbili. Zifunge kwenye ukuta wa nyumba, chini, usawa wa kiuno, zielekee kwenye ua. Nataka mwanga upenye kwenye mabanzi utoke ng'ambo."

"Mzee Hoza," nikamwambia, "huko ni kujipofusha. Ukiwasha taa kali hivyo ndani ya ukungu utaona weupe mtupu. Taa si rungu."

"Wewe funga."

Nikafunga. Siwadanganyi, nilijua ni upuuzi na bado nilifunga, kwa sababu mteja aking'ang'ania fundi huchoka. Ilikuwa Alhamisi. Wakati napima nyaya karibu na ua, niliona rundo la mimea iliyong'olewa, imekauka, majani marefu yamekuwa rangi ya chai. Nikauliza ni nini.

"Masale," alisema Hoza. "Yalikuwa yameota kwa mstari mahali ninapopitisha ua. Niliyang'oa. Si ndiyo alama ya mpaka? Mpaka wangu sasa ni mabanzi."

Kisha akasogea karibu, akapunguza sauti ili mkewe asisikie.

"Fundi, nikwambie kitu. Mama yangu alikufa kwa kifua. Niliandikiwa simu ya upepo, ile telegramu, nikiwa bandarini. Kulikuwa na meli mbili zinashushwa, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwaka. Nikaona aibu, sikuja tena mpaka nilipostaafu."

"Amezikwa wapi?"

"Sijui," akasema. "Ningemuuliza nani? Nikimuuliza mtu, atajua kwamba sijui."

Nilitamani kukusanya vyombo vyangu niondoke, lakini jua lilikuwa limeshaanguka nyuma ya kilele na ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Bi Mwantumu alitoka akasimama nyuma yangu, kanga ameishika kifuani. Hoza akaenda ndani, akarudi na panga.

"Washa."

Nikabonyeza swichi iliyokuwa kando ya mlango wa jikoni.

Wanangu, nimewasha taa nyingi maishani, sijaona kitu kama kile. Ua wote uliwaka. Kila banzi lilionekana na vifundo vyake. Lakini nyuma ya mabanzi, pale tulipotaka kuona, pakageuka ukuta mweupe, hauna mti, hauna njia, hauna mbele wala nyuma. Mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka alinyamaza.

Kikohozi kikaja.

Mara moja. Kikavu, cha kifua kilichochoka. Nami nilikisikia kwa masikio yangu haya, na nawaambia kilitoka ng'ambo ya mabanzi, chini kidogo, karibu na udongo.

Hoza akatoka mbio kuelekea kwenye ua. Alipokuwa katikati ya uwanja, mbele ya taa zile mbili, jitu likainuka nyuma ya ua. Jeusi, refu kuliko nyumba, mabega yake yamefika juu ya ukungu. Halikuwa na uso. Bi Mwantumu alipiga ukelele. Hoza akainua panga. Jitu nalo likainua panga. Hoza akapiga hatua, nalo likapiga hatua, likimwinamia.

"Toka!" Hoza alipayuka. "Toka kwangu!" Akarukia ua, akashusha panga kwa nguvu zake zote.

Ndipo nilipozima taa. Sikufikiri, mkono ulijiendea wenyewe.

Mwanzoni hatukuona lolote. Kisha macho yakatulia, na tukagundua kwamba mchana ulikuwa haujaisha kabisa. Palikuwa na ule mwanga wa mwisho wa jioni, hafifu, wa kijivu, na kwa mwanga huo tukaona vizuri kuliko tulivyoona kwa taa za ghala. Jitu halikuwepo. Panga lilikuwa limezama ndani ya banzi. Na vidole viwili kando ya makali yake palikuwa na mkono wa binadamu, mkono wa kizee, umeshika banzi kutoka upande wa pili.

"Hoza," sauti ikasema, "ulitaka kunikata?"

Alikuwa Bi Kidawa, shangazi yake, dada wa baba yake, aliyekaa kwenye mteremko wa chini. Hoza alikuwa hajakwenda kumsalimia tangu arudi, na yeye, kwa kuwa ni mkubwa, hakutaka kumtangulia mdogo. Walikaa hivyo wiki saba, kila mmoja akijua mwenzake yupo.

Hoza aliliachia panga. Akakaa chini pale pale kwenye udongo.

"Shangazi! Shikamoo. Sikukuona. Niliona mtu... jitu, limeinua panga."

"Marahaba. Nami nililiona," alisema yule bibi. "Lilikuwa wewe, mwanangu. Kivuli chako kilinipita juu ya kichwa. Umewasha mataa yote haya umtafute mtu, na aliyeonekana ni wewe peke yako, mpaka mlima wa pili. Kwemhanya nzima imekuona na panga lako."

Bi Mwantumu akamkimbilia, akamfungulia mlango mdogo wa ua, akamshika mkono asijikwae. Mama wa watu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alifurahi kwamba kitu kile kilikuwa mtu.

"Kumbe ni wewe shangazi unayekohoa kila jioni! Ungeita tu. Tumeteseka!"

Bi Kidawa akasimama. Akamtazama Bi Mwantumu, akanitazama mimi, mwisho akamtazama Hoza.

"Kukohoa?" akasema. "Mimi sijakohoa. Leo ndiyo nimefika hapa mara ya kwanza."

"Nami nakisikia kutoka kwangu," akaendelea, polepole. "Kila jioni. Nimeuguza kifua kile miezi mitano, sikipotezi. Leo nimesema, acha niende nimuulize Hoza, kwa nini wifi yangu anakohoa siku zote hizi na mwanawe hamwitikii?"

Hoza alitikisa kichwa.

"Umesahau, au hukufundishwa?" Bi Kidawa akamuuliza. Sauti haikuwa na ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Kwetu mkubwa hapigi hodi kwa mdogo. Akifika uani kwako hukohoa mara moja, akasubiri. Wewe mdogo ndiye unayetoa shikamoo, ndipo yeye ajue amepokewa. Usipotoa, hawezi kuingia wala hawezi kuondoka. Atasubiri."

"Yuko wapi?" Hoza akauliza, sauti ya kitoto.

"Hayo masale uliyoyang'oa nani aliyapanda? Niliyapanda mimi, kichwani na miguuni pake, na mengine katikati yapendeze. Mpaka wenu uko kule chini kwenye jiwe. Ua wako umepita juu ya mama yako."

Sitasahau alichofanya Hoza. Alitambaa mpaka kwenye mabanzi, pale panga lilipokuwa limesimama, akaweka paji la uso kwenye ule upenyo wa vidole viwili, akitazama gizani, maana sasa lilikuwa giza kweli. Kisha akasema:

"Shikamoo, mama. Nimechelewa."

Tukasubiri. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, nikiomba Mungu lisije jibu. Ukungu ukapita juu yetu, baridi, ukashuka upande wa bondeni, na nyuma yake nyota zikaonekana. Hakikusikika kitu. Mbwa wa jirani akaanza kubweka tena.

Kesho yake, Ijumaa, Bi Mwantumu alifungua kamba ya sanduku lake na kuitumia kuvutia mabanzi. Tuliung'oa ua, sote, tukaurudisha nyuma hatua kumi na mbili. Bi Kidawa alileta miche ya masale kutoka kwake, Hoza akaipanda kwa mikono yake bila jembe. Nilizifungua taa za ghala ukutani nikafunga ile balbu ya njano yenye kofia ya bati. Niliishi Kwemhanya miezi mitatu zaidi, nikila kwao kila Ijumaa, na kile kikohozi hakikusikika tena. Msiniulize kilikuwa nini. Mimi ni fundi umeme, najua waya upi una moto na upi hauna, zaidi ya hapo nasema nilichosikia tu.

Ila watu wa kule walilishika neno la Bi Kidawa kuhusu taa, wakalifupisha likawa methali. Walianza kumtania Hoza, naye akacheka nao. Baadaye wakalisema kwa yeyote anayejitia kuchunguza aibu za nje ili asiguse yake, mpaka likashuka bondeni likatufikia.

Kwa hiyo chagueni taa mnayotaka. Mimi ni mzee, ua ni wenu, na ngazi iko stoo. Lakini kabla hamjabonyeza swichi, kila mmoja ajiulize kimya kimya ni nani hajamsalimia, maana atakaposimama mbele ya mwanga ule, kuna mtu mmoja tu atakayeonekana mpaka mlima wa pili. Taa ya ua humulika aliyeiwasha.