Tupokigwe Agonga Vyuo

"Mgonga chungu hanunui ufa." Mmelisikia neno hili sokoni leo, sasa mmenizunguka kama vifaranga mkitaka kujua limetoka wapi. Kaeni basi. Na wewe unayechagua chuo kwa uzuri wa joho, sogea karibu zaidi. Ni neno la watu wa hapa hapa Kyela, na lilizaliwa hivi.

Tupokigwe alikuwa binti wa muuza vyungu. Alipomaliza kidato cha sita alitaka kusomea biashara, ili vyungu vya mama yake vifike mbali kuliko soko la Ipinda. Ada ingetoka kwa ng'ombe aliyeachwa na marehemu baba yake. Ng'ombe mwenyewe mmoja. Akiliwa na chuo kibovu, hakuna wa pili. Kwa hiyo kabla ya kuomba nafasi popote, alikwenda Mbeya na mjomba wake, Ambakisye, kuviona vyuo kwa macho.

Chuo cha kwanza kilikuwa na lango la vioo. Mjomba akajitazama humo, akaweka kofia sawa, akaamua.

"Mpwa wangu, omba hapa. Tumemaliza."

"Bado, mjomba." Akawafuata wanafunzi waliopumzika kibarazani. "Samahani, kaka zangu. Mama yangu anauza vyungu, na sufuria zimejaa sokoni. Afanyeje?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Hayo hatujui. Sisi tunakariri tu, mtihani unapita."

"Uko mwaka wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Mjomba akamvuta mkono. "Unatuaibisha! Chuo kizuri hivi unakihoji kama mwizi wa kuku?"

"Kwani wewe, mjomba, ukinunua chungu unatazama michoro tu?"

"Michoro! Mimi mgeni? Nakigonga kwanza. Kikilia ngiii, kizima. Kikilia bwa, kina ufa."

"Basi hiki kimelia bwa."

Mjomba akalitazama lango mara ya mwisho, akamfuata mpwa wake.

Chuo cha pili kilikuwa na bati lenye kutu. Tupokigwe akaomba ruhusa, akauliza swali lile lile darasani. Mjadala ukawaka moto. "Anamuuzia nani?" akadakia mmoja. "Wenye hoteli wanataka samaki wa chungu!" Mwenzake akampinga, wa tatu akawapinga wote. Mwalimu akaweka chaki chini.

"Binti, katika kila mzigo, vingapi huvunjika njiani?"

Tupokigwe akababaika. Hakujua.

"Mtoto wa muuza vyungu, hujui? Kamuulize mama, urudi na jibu."

Akatoka anacheka. "Mjomba, leo hata mimi nimegongwa!"

"Ukaliaje?"

"Bwa! Ndiyo maana naomba hapa."

Ng'ombe akauzwa, wala hakuna aliyemlilia. Siku hizi vyungu vya mama yake vinasafiri vimefungwa kwa majani makavu ya migomba visivunjike, na huko hotelini wageni wanalamba vidole. Mjomba Ambakisye naye, kila akiona mtu anababaishwa na lango, humcheka kwanza, kisha humwambia neno hilo mlilolisikia sokoni.

Mimi niliyenunua nyufa zangu kadhaa duniani nawaambia vilevile. Haya, wewe wa majoho, kunja kidole, ugonge kwanza: mgonga chungu hanunui ufa.