Bao Katikati ya Bustani

Hapo zamani, wala si zamani sana maana simu za mkononi zilikwishakuwapo, palikuwa na mji wenye kila kitu isipokuwa mahali pa kupumzikia. Baraza la mji likampa kiwanja Bi Mwanamvua, mwenyekiti wa kamati ya bustani, kwa masharti mawili: msingi uanze kuchimbwa kabla ya adhana ya adhuhuri siku ya Ijumaa, na jina la msimamizi liandikwe kabla ya jioni hiyo. Moja likikosekana, kiwanja anapewa tajiri Kassu ajenge kituo cha mafuta. Na Bi Mwanamvua alikwishawaahidi watoto wa mtaa mzima pembea. Usingizi ulimpaa.

Walioomba kazi ya kusimamia ujenzi walikuwa watatu. Injinia Lwoga alikuwa na vyeti. Fundi Kirobo alikuwa na sugu mikononi. Bi Zaituni alikuwa msimamizi wa wanawake waponda kokoto, na ulimi wake ulijulikana.

"Atakayefanikisha msingi uanze," Bi Mwanamvua akawaambia, "barua ya kazi ni yake."

Ijumaa asubuhi wakafika kiwanjani. Lo, pale pale injinia alipopigilia vigingi vya msingi jana yake, wazee watatu wametandika mkeka wanacheza bao.

"Shikamooni, wazee wangu. Tupisheni kidogo," akasema Bi Mwanamvua.

"Marahaba. Bao halivunjwi, mwanangu," akajibu mmoja wao, Mzee Chande, bila kuinua macho. "Aliyefungwa huinuka, aliyefunga hubaki. Ndivyo tulivyokuta."

Injinia akawasomea barua ya baraza yenye mhuri. Wakacheza. Fundi Kirobo akawaonyesha jembe. Wakacheza. Tajiri Kassu, aliyekuja na kiti chake na tende zake, akatabasamu.

Bi Zaituni akavua viatu, akakaa. Kumbe kule machimboni, wakishakula, wanawake hawana kazi nyingine ila bao. Akamfunga Mzee Chande, mzee akainuka. Akamfunga wa pili, akainuka. Akamfunga wa tatu, naye akainuka akisonya.

"Ahsante, mwenzangu. Haya, inuka tuchimbe," akasema Bi Mwanamvua.

"Niinuke vipi, na mimi ndiye niliyefunga? Watasema nimekimbia. Wanawake wa machimboni nitawatazama kwa uso gani?"

Bi Mwanamvua akashika kichwa. Basi injinia akakunja suruali, akakaa. Bao alikuwa hajaligusa tangu shule, lakini kete alizihesabu kama anavyohesabu matofali. Akamfunga Zaituni. Zaituni akainuka.

"Haya, injinia."

Injinia analitazama bao kama mzazi anayemtazama kifungua mimba.

"Bi mkubwa, mimi katika mji huu sijawahi kushinda kitu," akasema. "Nani mwingine?"

Mzee Chande alikwishakaa mbele yake. Na kule msikitini muadhini akasikika akikohoa kwenye kipaza sauti.

Fundi Kirobo, ambaye tangu azaliwe hajamfunga mtu bao, akakuna kichwa. "Wazee wangu, bao likihamishwa bila kete kumwagika, limevunjwa?"

Wazee wakatazamana. "Halijavunjwa."

Kirobo akalinyanyua polepole kama sufuria ya uji wa moto, akalipeleka kwenye kivuli cha ukuta. Injinia na Mzee Chande wakalifuata wakijiburuta kwa makalio. Kirobo akarudi mbio, akashika jembe, akapiga katikati ya vigingi. Udongo ukaruka, adhana ikaanza, tajiri Kassu akakunja kiti chake.

Bi Mwanamvua akalia kwa furaha. Lakini hakulia sana.

"Barua yangu," akasema Zaituni. "Bila mimi wazee hawa wangekaa hapo mpaka kiama."

"Na bila mimi ungekaa wewe," akajibu injinia kutoka ukutani, kete mkononi. "Halafu hivyo vigingi ni vya nani?"

"Mimi maneno sina," akasema Kirobo. "Jembe analo nani?"

Karani wa baraza, aliyetumwa kushuhudia msingi, akanyoosha kalamu. Kazi ni moja, barua ni moja, na bila jina la msimamizi kiwanja kinakwenda kwa Kassu jioni hiyo hiyo. Tajiri aliposikia hivyo akakikunjua tena kiti chake.

Haya, mnaonisikiliza, msianze kukohoa kama muadhini. Kalamu hii hapa. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili?